Ndege wa Mida kabla hawajaondoka: mwongozo wa sisi ambao magoti yamechoka

Kila ikifika mwisho wa Februari naanza kuulizwa maswali yale yale, na waulizaji karibu wote ni wa rika langu, wamestaafu ama wako njiani kustaafu, wamesikia Mida Creek, ule mkono wa bahari kule Watamu pwani ya Kenya, ndege ni wengi wakati huu na wanataka kujua kama wataweza kutembea, waende saa ngapi, wanunue darubini gani, halafu lile swali ambalo watu huliuliza kwa sauti ya chini, choo kiko wapi. Basi nimeyaweka yote hapa, mtu akiniuliza tena namtumia hii asome mwenyewe.

Kwa nini Machi na Aprili? Kule juu kaskazini ya dunia baridi inaisha na majani yanachipua, kwa hiyo ndege waliokuja kwetu kukimbia baridi wanajiandaa kurudi kuzaa. Kwetu upepo wa kaskazi unalegea na masika bado kidogo. Wiki hizo ndege wanakula mpaka wananenepa, na wanabadilisha manyoya pia, yule uliyemuona wa kijivu tangu Oktoba anageuka mwekundu kama tofali. Kufikia katikati ya Mei wengi wameshaenda zao, wanabaki vijana ambao hawajafika umri wa kuzaa. Nadharia imeisha, tuje kwenye kazi.

VITU VYA KUWA NAVYO

Darubini ya 8x32 au 8x42. Najua duka watakwambia chukua 10x ama 12x maana inavuta zaidi. Usikubali. Inavuta zaidi na inatetemeka zaidi, na mikono yetu inatosha kutetemeka yenyewe. Namba ya pili ni upana wa lensi ya mbele kwa milimita, ukigawa kwa ile ya kwanza unapata upana wa mwanga unaoingia jichoni: 42 kwa 8 ni kama milimita 5, 32 kwa 8 ni 4. Sasa mboni ya jicho la mzee haifunguki tena kama ya kijana hata gizani, kwa hiyo yale madarubini makubwa ya 8x56 unabeba uzito wa bure, shingo inaumia na hakuna unachoongeza. Ukivaa miwani, uliza darubini ambayo jicho linaweza kukaa mbali na lensi milimita 16 hivi au zaidi, la sivyo utaona kiduara kidogo katikati na weusi pande zote.

Mshipi wa kuvaa mabegani badala ya ile kamba ya shingoni, hata fundi wa mikoba anaweza kukushonea.

Kiti cha kukunja chenye egemeo, sio kile kistuli cha kuvulia samaki, maana kukikalia ni rahisi lakini kuinuka ni kesi nyingine.

Fimbo au mkongojo, hata kama nyumbani hutumii.

Viatu vya kufunga vyenye soli inayoshika. Malapa acha. Mwenye sukari na miguu imeanza kufa ganzi, kwenda peku ni mwiko kabisa, huko kuna magamba ya chaza yanakata kama wembe na unaweza usijue umekatwa mpaka ufike nyumbani.

Kofia pana, maji ya kunywa, dawa zako, kikoi au leso ya kujifunika jua, simu yenye chaji.

Na mtu wa kwenda naye. Mjukuu wa miaka kumi anatosha kabisa, nitaeleza chini kwa nini.

HATUA

1. Chagua siku kwa kuangalia mwezi.

Hii ndio hatua kubwa kuliko zote na ndio watu wanairuka. Maji yakipwa Mida, tope linakuwa wazi eneo kubwa mno na ndege wanatawanyika mbali, utaona vidoti tu. Maji yakianza kujaa yanawasukuma, wanarudi nyuma wakila hatua kwa hatua mpaka wanakufikia pale ulipokaa. Yakijaa kabisa wanaruka wanaenda kupumzika kwingine na onyesho limeisha. Kwa hiyo unataka masaa mawili matatu kabla maji hayajajaa, basi. Kijana anaweza kuwafuata ndege kwenye tope, sisi tunaletewa.

Pwani yetu hii, siku za bamvua, yaani zile za maji makubwa mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hujaa jioni kama saa kumi na moja hivi, na hupwa asubuhi kama saa tano. Kila siku inayofuata yanachelewa karibu dakika 50. Ukifuata mwezi wa Kiislamu hesabu ni nyepesi: tarehe 1 hadi 3, na tena 15 hadi 17, maji yanajaa kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili jioni, na ndani ya creek yanachelewa kidogo kuliko baharini nje. Ukikaa kuanzia saa tisa una muda mzuri, jua limeshaanza kulegea na liko mgongoni kwako ukitazama majini kutokea upande wa kijiji cha Mida. Hakikisha na jedwali la maji la Kilindini, bandari ya Mombasa, ama muulize mvuvi yeyote, atakujibu bila kuangalia saa.

Siku za maji mafu, yaani tarehe 7 hadi 9 na 22 hadi 24, maji hayaendi mbali wala hayasukumi vizuri. Unaweza kwenda asubuhi, maji hujaa saa nne saa tano, lakini kama umetoka Mombasa ama Nairobi kwa ajili ya ndege tu, subiri bamvua.

Wanaofunga: miaka hii Ramadhani imeangukia Februari na Machi, saa tisa juani bila maji kwa mtu wa miaka sabini mimi siishauri. Ngoja Idd ipite. Aprili ndege wamekolea rangi zaidi hata hivyo.

2. Piga simu kabla hujatoka nyumbani.

Kuna njia ya mbao pale Mida inayopita katikati ya mikoko, zaidi ya mita 200, mpaka kwenye kibanda cha kutazamia ndege ukingoni mwa tope. Ilijengwa chini ya mpango wa A Rocha Kenya, shirika la uhifadhi wa mazingira, na kiingilio chake kinasaidia karo za watoto wa sekondari wa vijiji vya karibu, kwa hiyo lipa bila kulalamika. Lakini chumvi na jua vinakula mbao, kuna wakati iko sawa na kuna wakati inakarabatiwa. Uliza waziwazi: mbao ziko sawa leo? kuna mbao zilizotoka? kuna kijana wa kutusindikiza? choo kinafanya kazi?

Wakikwambia haiko sawa, nenda Dabaso, hapo hapo kwenye creek, kuna njia ya mbao inayokwenda hadi kwenye mkahawa wa kikundi cha kijiji ndani ya mikoko. Ndege ni wachache kuliko kibandani lakini kuna meza na viti, na unatazama huku unakula kaa. Kuna wazee nawajua hawataki kwenda kwingine siku hizi.

3. Rekebisha darubini nyumbani.

Watu wengi wanafika na darubini mpya kwenye boksi, wanahangaika nayo nusu saa na ndege wanapita. Fanya hivi barazani: tafuta kitu chenye maandishi mbali, kibao cha duka kwa mfano. Ukivaa miwani, teremsha zile raba za machoni zilale, ukiwa huvai zipandishe. Funga jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione maandishi safi. Sasa funga la kushoto, usiguse gurudumu tena, zungusha kile kiduara cha kwenye jicho la kulia mpaka nalo lione safi. Weka alama ya wino pale kilipofika. Macho yetu mara nyingi hayalingani, hasa kama moja limeshafanyiwa opresheni, na bila hatua hii utarudi na kichwa kinauma ukisema darubini mbovu.

Halafu zoea kumtafuta ndege kwa macho kwanza, ukishamuona usimuondolee macho, inua darubini iingie katikati. Jizoeze na kunguru, hao hawaishi.

4. Panga dawa, maji na choo.

Dawa za presha zile zinazokojoza ukizimeza saa saba mchana utakuwa na shughuli nzito saa tisa na nusu katikati ya njia ya mbao. Usiache kumeza! Muulize daktari au mfamasia wako kama siku hiyo unaweza kumeza asubuhi mapema ama ukirudi. Kuna wanaoamua wasinywe maji kabisa ili wasisumbuke, hilo ni kosa baya, Machi joto linagonga nyuzi 32 na unyevu juu yake, mzee akiishiwa maji anapata kizunguzungu kabla hajahisi kiu. Kunywa kidogo kidogo, enda choo kabla hujapanda mbao, na keti karibu na njia ya kurudi. Mwenye sukari abebe kitu cha kutafuna, kaimati mbili tatu ama ndizi.

5. Pita kwenye mbao kwa mwendo wako.

Njia ile imening'inizwa, inayumba. Haiyumbi kwa kutisha lakini kama nyuma yako kuna watoto wa shule wanakimbia utaisikia mpaka kwenye meno. Waache wapite wote, ndio uanze. Mkono mmoja kwenye kamba, fimbo mkono wa pili, darubini iwe imefungwa kifuani isining'inie. Anayekusindikiza atangulie, asikushike mkono, wewe ndio umshike bega ukihitaji.

Sasa hili la miwani. Kama unavaa miwani ya lensi mbili, ya kusomea chini na ya mbali juu, ukitazama miguu yako unatazama kupitia sehemu ya kusomea na mbao zote zinakuwa ukungu. Watu wanajikwaa hivi hivi wakidhani ni miguu. Inamisha kichwa chote, kidevu kiguse kifua, utazame chini kwa sehemu ya juu ya lensi. Au kama una miwani ya zamani ya mbali peke yake, vaa hiyo siku hiyo.

Ukitaka kutazama kitu, simama kwanza. Usitembee huku unatazama. Chini yako kuna vitu vya kutosha vya kusimamia, mizizi ya mchu imechomoza juu ya tope na kaa wadogo wenye gando moja kubwa wanapungiana, na hapo ndipo pa kupumzikia bila mtu kujua unapumzika.

6. Kaa chini na usihame.

Fungua kiti, weka viwiko kwenye ukingo wa kibanda au juu ya magoti, ama simamisha fimbo mbele yako na uegemeze darubini juu yake. Picha itatulia ghafla. Kisha acha kuhangaika. Dakika kumi za mwanzo utaona kama hakuna kitu, jicho linahitaji muda kutofautisha tope na ndege mwenye rangi ya tope. Pumzisha macho kila baada ya muda, tazama mikoko ya kijani, rudi tena.

Usiwasogelee, usipige makofi waruke ili upige picha. Mafuta wanayojiwekea ndio petroli ya safari, kila wakirushwa yanaungua bure. Kitwitwi mdogo huyo anayegeuka mwekundu anaenda kuzaa kule juu kabisa Siberia, zaidi ya kilomita 8,000 kutoka hapo ulipokaa. Mwaka 2024 yeye na yule mwenye tumbo jeusi, utamkuta hatua ya 7, waliingizwa kwenye daraja la ndege walio hatarini kutoweka duniani, na hapo Mida bado unawaona kwa mkupuo.

7. Anza na hawa wachache tu.

Kuna aina nyingi za ndege wa tope na nyingi zinafanana, hata mabingwa wanabishana. Wewe chukua hawa:

Sululu: mkubwa, kahawia, mdomo mrefu uliopinda kwenda chini. Mtazame akimkamata kaa. Anamtikisa mpaka miguu inachomoka mmoja mmoja, halafu mara nyingi anamsuuza kwenye kidimbwi ndio ammeze. Ukishaona hilo mara moja humsahau.

Krabu plova, vijana wa pale wanamuita hivyo: mweupe na mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, mdomo mnene mweusi kama jambia. Wanakaa kundi. Anatembea pole, anasimama, kisha anatimka na kuchoma. Huyu haendi Siberia, anaenda kuzaa kwenye visiwa vya mchanga vya Oman na Ghuba, anachimba shimo mchangani na kutaga yai moja humo ndani, joto la mchanga linamsaidia kuatamia. Hata akiwa Mida utaona mtoto mkubwa mzima anamfuata mzazi akiomba alishwe. Kila mama wa Kiafrika hapo huwa anacheka.

Yule mwenye tumbo jeusi: mnene, macho makubwa, anasimama peke yake. Machi anakuwa na madoa madoa meusi tumboni, Aprili mwishoni uso na tumbo lote jeusi na mgongo wa fedha.

Kitwitwi mwekundu: mdogo, mdomo umepinda kidogo kwenda chini, kundi linachokoa tope pamoja haraka haraka. Tafuta walio nusu kijivu nusu wekundu.

Mwenye mdomo umepinda kwenda juu: mdogo, miguu mifupi ya manjano, anakimbia huku na huku ameinamisha kichwa utadhani amedondosha sarafu. Huyo ndio kipenzi changu.

Flamingo, wakiwepo, hawahitaji maelezo.

8. Ondoka kabla hujachoka, na kabla giza halijaingia.

Magharibi huku inaingia karibu saa kumi na mbili na nusu na giza halisubiri mtu. Macho yetu yanachelewa kuzoea mwanga hafifu, kwa hiyo saa kumi na mbili kasoro uwe umeshaanza kurudi. Inuka polepole, simama kama dakika moja umeshika ukingo, damu ipande kichwani, ndio utembee. Weka tochi mfukoni, sio ndani kabisa ya mkoba.

MAKOSA NINAYOYAONA SANA

Kushuka kutembea kwenye tope kwa sababu linaonekana kavu. Linameza mguu hadi goti, na bamvua ikianza kujaa inakuja kwa kasi na inaweza kukupitia nyuma ukajikuta umezungukwa. Kama lazima ushuke, shuka na mtu wa pale.

Kubebesha siku moja mambo mengi: asubuhi magofu ya Gede, mchana msitu wa Arabuko-Sokoke, jioni Mida. Viko karibu karibu ndio, lakini utafika Mida umeshakufa. Gawa. Msitu uende kesho yake alfajiri, njia zake za gari ni tambarare na kuna kivuli.

Kupanda mtumbwi bila kuuliza utashukia wapi. Kupanda kwenye maji ya magoti ni rahisi, kushuka maji yakiwa yamepwa ni tope.

Watoto kumpeleka mzazi "kumtembeza" halafu wanamharakisha. Jamani. Mwacheni akae.

UKIKWAMA

Sisikii ndege wakilia. Sauti nyembamba za juu ndio huondoka kwanza kwa umri, na vindege hivi vingi vinalia sauti hizo hizo. Hapo ndipo mjukuu anapoingia kazini: yeye anasikia na kuonyesha kidole, wewe unamtaja. Programu ya simu ya Merlin nayo inasikiliza na kuandika jina, ila upepo ukiwa mkali inachanganyikiwa.

Kila kitu kina ukungu na jua linanipiga miali. Futa lensi kwanza kwa kitambaa laini, chumvi ya bahari hukaa hapo. Ikibaki vile vile na hata taa za magari usiku zina duara la mwanga, nenda ukapimwe mtoto wa jicho. Usinunue darubini nyingine.

Naona vitu viwili viwili. Mirija ya darubini haijakaa sawa na upana wa macho yako, ifungue ama ifunge kidogo mpaka uone duara moja. Kama bado, huenda ilianguka ikapinda ndani, na hiyo mara nyingi gharama ya kutengeneza haistahili.

Kizunguzungu katikati ya mbao. Keti hapo hapo kwenye mbao, usijaribu kufika mwisho. Maji, kitu kitamu kama una sukari ya kushuka, subiri. Kisipopita, au kifua kinabana, au mdomo umelegea upande mmoja, hiyo ni hospitali sasa hivi, mambo ya ndege baadaye.

Siwezi kabisa hiyo njia ya mbao. Basi Dabaso, ama ufuo wa Watamu maji yakiwa yamepwa, keti kivulini juu ya mchanga mkavu, wako vitwitwi wa mchangani na wale wanaopindua vijiwe kutafuta vidudu. Ukibahatika kulala Watamu na ukamkuta kasa amepanda kutaga usiku, zima tochi, kaa nyuma yake mbali, na uwapigie watu wa Local Ocean Conservation, wao ndio wanalinda viota pale tangu 1997.

Mvua imeanza mapema. Ndege hawajali mvua, wewe ndio unajali, na mbao zikilowa zinateleza vibaya. Ahirisha siku moja mbili, manyunyu ya mwanzo huwa hayakai.

Nimechelewa, ni Mei tayari. Sululu wachache na krabu plova vijana bado utawakuta, na yangeyange na mdiria wa mikokoni hawaendi popote. Wale wa safari wanaanza kurudi Agosti, wengine bado wana wekundu kidogo kifuani, umechakaa.